Mzinga wa Fundi Shafii

Jumapili, tarehe 21 Mei 1972, Rumonge. Mvua ilikuwa imekatika. Ukungu mwembamba ulilala juu ya ziwa tangu alfajiri, na milima ya ng'ambo, upande wa Wabembe, haikuonekana hata jua lilipopanda. Hakukuwa na upepo. Harufu ya mawese yaliyoanza kuchacha kwenye mapipa ilienea mtaa mzima, kwa sababu wengi waliokuwa wakiyakamua na kuyauza hawakuwepo tena.

Shafii bin Kassimu aliketi mbele ya kibanda chake, karabai mapajani, akiifungua na kuifunga. Alikuwa fundi wa taa. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa hilo, kutoka Minago mpaka mjini walimjua, maana taa inayotoa moshi haivuti samaki, na Shafii aliweza kutambua, kwa kusikiliza mvumo wake tu, taa ipi itaanza kutoa moshi. Ile aliyoishika siku hiyo haikuwa na kasoro yoyote. Hakuna aliyekuwa akivua usiku. Ziwa lilikuwa limefungwa na jeshi. Aliifungua kwa sababu mikono yake haikuzoea kukaa bure, na kwa sababu mtu aliyeinamia kazi hatazamwi sana na wapita njia.

Mtaa wa Waswahili ulikuwa karibu mtupu. Mwishoni mwa Aprili waasi wenye mapanga na bunduki waliingia Rumonge, wakaua. Kisha jeshi likashuka kutoka Bujumbura, na lenyewe likaendelea kuua. Malori yalipita kuchukua watu. Wenye ndugu ng'ambo walivuka. Waliobaki walijifunza kutoulizana habari za majirani. Msikitini, Ijumaa ya kwanza safu moja haikujaa. Ijumaa iliyopita Shafii alisali peke yake, na alipogeuza uso kulia na kushoto kutoa salamu, aliwasalimu malaika tu.

Mkewe Zuwena na binti yao Mwanahamisi walivuka mwanzoni mwa mwezi, kwa mtumbwi wa Kabwe, mvuvi wa Kibembe aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi. Shafii aliwasindikiza mpaka majini. Begani alikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa katika mkeka.

Kabwe alikiangalia kile kitu, akaacha kafi. "Hapana, muzee. Mimi nabeba watu. Hiyo wakiikuta mu mutumbwi wangu tunakufa wote, mpaka na samaki."

"Itupe, Baba Mwanahamisi," Zuwena alisema. "Itupe hapa hapa majini, twende zetu. Ni chuma tu."

"Si chuma tu."

"Ni nini basi? Ni mtoto wako? Mtoto wako ndiye huyu, amelowa mpaka kiunoni."

Shafii alimwambia ataificha vizuri, kisha atafuata. Zuwena aliingia mtumbwini, akampakata binti aliyekuwa mkubwa mno kupakatwa, na Kabwe akasukuma. Shafii alirudi nyumbani na mkeka wake begani, kama mtu aliyetoka kununua mkeka.

Kitu chenyewe kilikuwa gobori, bunduki ya zamani ya kushindilia baruti kwa mdomoni, ndefu kumpita Zuwena. Mtutu wake ulikuwa umefungwa kwenye mti kwa pete za shaba, na kitako kilikuwa cheusi kwa jasho na mafuta ya mikono ya watu watatu: babu, baba, na Shafii mwenyewe. Mzee Kassimu, babake, alikuwa na hadithi mbili juu ya gobori hilo, na alitoa ile iliyomfaa mgeni. Kwa Waswahili wenzake alisema babu alilipwa gobori na tajiri mmoja wa Ujiji kwa kazi ya kubeba pembe kutoka Manyema, na kwamba njiani lilikwisha kumwokoa na simba. Kwa Wazungu wa enzi ya Wabelgiji, waliokuwa wakitaka kujua kila bunduki ni ya nini, alisema ni la kuwindia viboko wanaokula mpunga. Bwana shamba mmoja wa Kibelgiji alitaka kulinunua alitundike ukutani kwao Ulaya. Mzee Kassimu alikataa, akamwambia ukuta anao hata yeye.

Shafii alikuwa na shaka kama gobori lilipata kuua mnyama yeyote. Mara moja tu alimwona babake akimfyatulia kiboko nalo, karibu na mlango wa mto Dama. Kiboko alipiga miayo, akazama.

Kazi yake hasa ilikuwa nyingine. Mwezi wa Idi ulipoandama, gobori lilipigwa kwa baruti tupu pale ufukweni, na mlio wake ukafika Kizuka, na wakati mwingine, upepo ukiwa mzuri, ukafika Minago. Huko watu walifungua mafurushi ya nguo na kuanza kukoroga unga wa vitumbua. Kwa sababu hiyo mtaani hakuna aliyeliita gobori. Waliliita mzinga, kama ile mizinga mikubwa ambayo wazee walisikia kwamba hupigwa katika miji ya pwani. "Shafii iko na mzinga," watoto waliwaambia wageni, na wageni walikuja kutazama, wakacheka kuona mzinga wenyewe ni bomba lililofungwa kwenye mti. Mtaani hakuna aliyefuga nyuki, kwa hiyo neno hilo halikuwa na maana nyingine.

Mwaka 1962 ndio uliomfunga Shafii na bunduki hiyo. Mpaka wakati huo Waswahili wa Rumonge walikuwa wageni. Waliozaliwa pale, na waliozaliwa na waliozaliwa pale, waliulizwa sokoni watarudi lini kwao Ujiji, kwao Manyema. Siku moja kabla ya uhuru mtu wa komine, ofisi ya serikali ya mji, alikuja mtaani kumtafuta mwenye mzinga. Alisema ngoma zipo, bendera ipo, lakini bendera ikipanda inataka kitu cha kuitikia, na komine haina kitu. Mzee Kassimu alikuwa amekwisha kufa. Shafii alipiga yeye. Asubuhi ya tarehe mosi Julai, mbele ya watu wote, alishindilia baruti nyingi kuliko desturi, na kitako kikamrusha nyuma akakaa chini. Umati ukapiga vigelegele, ukidhani ndivyo inavyofanywa.

Aliyemwinua ni mkulima mmoja wa Kirundi, Léonard, mwenye shamba la michikichi nyuma ya mji. Alimfuta vumbi mgongoni kwa kofia yake, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Weye, kuanzia leo usiseme tena kwenu ni Ujiji. Mutu wa Ujiji hawezi kutuangukia hivi." Watu wakacheka. Shafii alicheka pia, lakini maneno hayo aliyaweka. Tangu siku hiyo, mtu alipomuuliza kwao wapi, alimwonyesha gobori.

Hilo ndilo Zuwena alilokuwa akimwambia alitupe.

Mwezi huo wa Mei ilitoka amri kwamba mwenye silaha ya aina yoyote aipeleke. Mtu wa kwanza kwenda alipeleka mkuki wa babake, asirudi, yeye wala mkuki. Baada ya hapo hakuna aliyekwenda. Lakini kubaki nayo nyumbani kulikuwa kifo vilevile. Askari walipekua mapaa, walichokoa vyoo kwa fito, walitazama udongo ulipochimbuliwa karibuni. Gobori lilikuwa juu ya kenchi za paa la Shafii, limefunikwa magunia, na kila usiku alilala chali akilitazama gunia.

Jumapili hiyo, baada ya adhuhuri, askari watano waliingia mtaani. Sajini wao alikuwa mtu wa milimani, mrefu, na aliongea Kirundi tu. Alisimama mbele ya kibanda.

"Amahoro."

"Amahoro, afande," Shafii alijibu, akaweka taa chini.

Sajini alisema kwamba kuna mtu amekamatwa Kizuka. Alipobanwa aseme nani ana silaha, alisema mengi, na mwisho akasema kwa Kiswahili kwamba fundi wa taa wa Rumonge ana mzinga. "Umuzinga," sajini alirudia, kwa namna neno linavyotamkwa kwao, na kwao ni nyumba ya nyuki, basi. "Tumuulize mtu bunduki, atuambie umuzinga? Alikuwa ananicheka? Au nyie Waswahili mna umuzinga mwingine?"

Shafii alifungua mdomo. Katika maisha yake hakuwahi kusema uongo uliozidi kumwambia mvuvi kwamba taa yake itakuwa tayari kesho. Alikuwa karibu kuingia ndani na kulishusha gobori.

"Ego, ni umuzinga! Umuzinga w'inzuki!" Sauti ilitoka nyuma ya ua wa matete. Ilikuwa ya Anastasie, jirani yake, mjane kutoka Uvira aliyekamua mawese. Alitokea na mwiko mkubwa mkononi, amejifunga kitambaa kichwani, akaendelea kwa Kirundi cha haraka: "Wa nyuki, afande, mwingine upi? Wanaume wenziwe wanavua samaki, yeye anaogopa maji. Amekaa na nyuki zake, na nyuki zenyewe hazimheshimu."

Askari wawili walicheka. Sajini hakucheka bado.

"Uko wapi?"

"Kwenye michikichi kule nyuma," Anastasie alijibu. "Nani anaweka nyuki mlangoni pa watu?"

"Una asali?"

"Unayo. Lakini si saa hizi, afande, jua hili nyuki wana hasira. Ukija kesho asubuhi, utakula."

Hapo sajini alicheka. Alisema tangu washuke kutoka milimani wanakula samaki asubuhi, samaki jioni, mpaka ndoto zao zina miba. Kesho atakuja mwenyewe, anataka kuuona huo umuzinga kwa macho yake. Umuzinga usipokuwepo, aliongeza kwa sauti ileile ya furaha, atajua nani alikuwa akimcheka, yule wa Kizuka au hawa wa hapa. Aliwaonyesha wote wawili kwa kidole.

Mmoja wa askari, kaporali mwembamba mwenye kovu kidevuni, hakuwa amecheka wala kusema. Alikuwa akimtazama Shafii. Kisha wakaondoka.

Anastasie alikaa chini pale pale, juu ya udongo, mwiko mapajani.

"Kwa nini umesema vile, mama?"

"Mdomo wako ulikuwa unafunguka, fundi. Nikaona mu huo mdomo iko ukweli unakuja."

"Sasa kesho tutamwonyesha nini?"

"Sasa kesho ni nyuki, ama ni mimi na weye." Alivuta pumzi. "Iko wapi hiyo kitu?"

Shafii alionyesha juu.

"Mungu wangu. Na kesho watakaa hapa wangoje asali, na hawa basoda wakingoja hawakai bure, wanapekua. Léonard alikuwa na mizinga kule shambani. Léonard hayuko."

Shafii alijua Léonard hayuko. Léonard aliitwa komine tarehe tisa, akaenda amevaa koti lake la kanisani kwa sababu aliitwa na wakubwa. Mkewe alingoja siku mbili, kisha akafunga mlango akaenda kwa ndugu zake milimani.

"Mzinga wa Léonard uko na urefu gani?" Shafii aliuliza.

Anastasie alimwangalia, akaelewa. "Nani atatia mukono mu nyuki kutafuta chuma," alisema polepole.

Alasiri hiyo Shafii alishusha gobori, akafungua pete za shaba, akatenganisha mtutu na mti wake. Jinsi Anastasie alivyomweleza, mzinga wa Léonard ulikuwa mfupi kuliko mtutu kwa zaidi ya shubiri mbili. Alipima kwa kamba, akapima tena. Kisha akabana mtutu kwenye jiliwa lake, akachukua msumeno wa chuma. Sauti ya msumeno haikumshtua mtu; ndiyo sauti ya kibanda kile. Chuma cha zamani kilikuwa laini kuliko alivyotegemea. Kipande kilipokatika hakikuanguka, alikidaka kwa mkono, kikiwa cha moto, akakishika mpaka kikapoa. Baadaye alikipondaponda kwa nyundo, pamoja na pete na mtambo wa kufyatulia, mpaka vikawa mabati yasiyojulikana yalikuwa nini, akavitupa katika debe la vyuma vibovu.

Kitako na mti wake Anastasie alivichukua bila kuuliza, akavipasua kwa shoka, akavitia chini ya pipa la mawese. Viliwaka kwa moto mkali wa manjano, kwa sababu ya mafuta ya miaka mingi. Shafii alisimama karibu. Anastasie alisema mara moja tu kwamba mti ni mzuri, unachemsha haraka.

Jua lilipoanza kushuka walikwenda shambani kwa Léonard. Mizinga ilikuwa kwenye panda za miti, magogo marefu ya matete yaliyosukwa, yamekandikwa samadi na kuvikwa majani makavu ya migomba. Anastasie aliijua kazi hiyo, maana babake alifuga nyuki katika milima ya juu ya Uvira. Alimpa Shafii kichomeo cha nyuzi za mchikichi na kumwambia atie moshi.

Shafii alipuliza. Moto ukawaka safi.

"Moshi, fundi, si moto!"

"Nauzima moshi miaka ishirini na mitano, mama. Mkono haujui kuutengeneza."

"Basi leo uharibu taa. Tia majani mabichi. Hivyo! Ndiyo, kama fundi mubaya."

Nyuki walimuuma kope, shingo, na ndani ya sikio. Alitaka kukimbia. "Usikimbie!" Anastasie alinong'ona. "Ukikimbia watajua weye ni mwizi."

"Mimi ni mwizi."

"Basi usiwaambie."

Walingoja nyuki warudi ndani, wakaziba tundu la kuingilia kwa majani, wakauteremsha mzinga kwa kamba, wakaubeba kwa mti mabegani mpaka kwenye michikichi nyuma ya nyumba ya Shafii. Kabla ya giza kuingia walifungua kifuniko cha nyuma, wakatia moshi mwingi, na Shafii akausukuma mtutu ndani, chini ya masega, palipobaki nafasi. Uliingia wote. Nyuki walivuma kwa sauti ya chini, sawasawa na karabai iliyoshiba mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu mchana Anastasie alicheka, kicheko kidogo, akaziba mdomo.

Asubuhi ya Jumatatu sajini alikuja na askari wake kama alivyosema. Walipekua nyumba ya Shafii wakati wakingoja. Walishusha magunia, walipindua kitanda, walimwaga debe la vyuma vibovu, wakavipiga teke. Kisha wakaenda michikichini. Anastasie alitia moshi, Shafii akakata masega matatu kwa kisu, jicho lake moja limefungwa kwa uvimbe. Hakuna aliyeweza kusema mtu yule si mfuga nyuki, au kama si mfuga nyuki, basi alikuwa mjinga wa kweli, na mjinga hana silaha. Sajini alikula akiwa amesimama, asali ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akatema nta chini. Alisema ni asali ya michikichi, si nzuri kama ya kwao. Akaagiza kila mwezi apelekewe kambini bakuli moja. "Murakoze, muzee," alishukuru, akaenda kunawa ziwani.

Kaporali mwenye kovu alibaki nyuma. Alisogea karibu na mzinga kuliko mtu mwingine yeyote aliyethubutu. Akasema kwa Kiswahili chepesi cha mitaa ya Bujumbura:

"Muzee, mimi nimekulia Buyenzi. Nikiwa mutoto, mama yangu alikuwa anatutuma barazani kusikiliza mzinga wa Idi. Wa kwetu ulikuwa bomba la maji limetiwa baruti." Aliinama, akiusikiliza mvumo. "Hii yako inalia vizuri."

Shafii aliendelea kufuta kisu chake kwenye majani.

"Sajini hajui Kiswahili. Lakini kambini tuko wengi tunaokijua, na siku moja mmoja wetu atamwelezea hilo neno, akicheka tu, akinywa. Siku hiyo hatakuja kwako kwanza. Weye hukusema kitu. Aliyesema ni huyu mama."

"Mwanangu..."

"Mimi sijasikia kitu," kaporali alisema. "Lakini huyu mama asikae hapa." Akaondoka, akikimbia kidogo ili awafikie wenzake.

Alasiri Kabwe alikuja. Alikuwa mvuvi pekee aliyepewa ruhusa ya kutoka, mchana tu, avue kwa ajili ya jiko la kambi, na alikuwa akiitumia ruhusa hiyo kuvuka na kurudi. Aliingia uani kwa Shafii na samaki wawili wa mukeke kama mtu anayeuza.

"Nimetoka kwa mukeo," alisema. "Wako salama, yeye na mutoto, wako kwa dada yangu. Amesema hivi: njoo mikono mitupu. Amesema mara mbili, akaniambia nirudie, nikarudia. Nikitoka sasa, nina nafasi ya mutu mumoja, chini ya nyavu. Mumoja. Kesho sijui. Wameanza kuniuliza kwa nini nyavu zangu zinaloa na samaki ni wachache."

Shafii alitazama mikono yake. Ilikuwa mitupu kweli. Hakuna kitu kilichobaki cha kumzuia. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba ndani ya nta, usingelia tena, na hata ungelia, mtaani hapakuwa na mtu wa kufungua furushi la nguo. Kwa siku zote zile alidhani ni gobori linalomweka Rumonge.

"Utamchukua Mama Anastasie," alisema.

Anastasie alikuwa akisikiliza nyuma ya ua. Alitoka. "Fundi, umeumwa mpaka kichwani? Mukeo anakuita weye."

"Mfuga nyuki akipotea, sajini atauliza nani kamvusha, na mtumbwi wenye ruhusa ni mmoja. Atamuuliza Kabwe. Mkamua mawese akipotea..." Hakumaliza, kwa sababu wote watatu walijua wakamua mawese wangapi walikuwa wamepotea, na hakuna aliyeuliza.

"Basi twende wote watatu, tuache waulize!"

"Nafasi ni ya mutu mumoja," Kabwe alisema, akitazama chini.

Anastasie alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alisema Zuwena atamng'oa macho akimwona anashuka yeye mtumbwini. Alisema yeye hakumwokoa fundi ili fundi abaki. Halafu akaingia ndani, akatoka na kanga yake nzuri na sufuria moja, akaacha sufuria mlangoni, maana haikuingia chini ya nyavu.

"Nimwambie nini mukeo?" aliuliza.

Shafii aliichukua ile sufuria. "Mwambie nilitaka kuja."

"Hiyo tu?"

"Mwambie na habari za nyuki. Atacheka."

Aliwasindikiza mpaka mwisho wa ua tu. Kwenda ufukweni kungevuta macho. Alisimama akisikiliza kafi mpaka asiweze tena kujua kama anasikia kafi au maji. Kisha akarudi, akawakaanga mukeke wawili, na kwa mazoea akatenga mmoja kwenye sahani ya pili. Alikula wa kwanza. Baada ya muda akala na wa pili.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kusali alfajiri, alichukua panga akaenda mabondeni mwa Dama, akakata matete mabichi, akayabeba kichwani mpaka nyumbani. Mtu mwenye mzinga mmoja tu hawezi kuitwa mfuga nyuki kwa muda mrefu. Alikaa mbele ya kibanda, akaanza kusuka gogo la mzinga wa pili. Hakuwa na wa kumwuliza. Jaribio la kwanza lilikwenda upande. Alilifumua, akalianza upya.